Kifunguamimba Aliyechagua Hesabu

Hakuna swali ninalolichukia kama "hesabu utaifanyia nini?" Anayesomea udaktari haulizwi. Anayesomea uanasheria anaitwa mheshimiwa kabla hajavaa joho. Mimi nimeulizwa sokoni Rodi Kopany nikimsaidia mama kushusha magunia ya viazi vitamu, nimeulizwa kanisani na mzee wa kanisa aliyeshika kikapu cha sadaka, nimeulizwa matangani na watu ambao hata marehemu walikuwa hawajamuaga. Na anayeuliza hangoji jibu, maana jibu analo tayari mdomoni: "Si utakuwa mwalimu?" Kisha anaendelea na shughuli zake, ameridhika kabisa.

Ubaya ni kwamba hata sisi nyumbani tuliamini hivyo. Nilipokuwa nachagua kozi ya chuo kikuu, mwalimu wangu wa kidato cha nne aliniambia nichague hesabu tupu, ile isiyochanganywa na kitu. Nikachagua. Mama alisikia "hesabu" akatangaza soko zima kwamba mtoto wake anarudi kuwa mwalimu wa hesabu. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna shahada ya hesabu na kuna shahada ya ualimu wa hesabu, na kwamba anayebeba ile ya kwanza anaweza kujua yote anayojua mwalimu, na mengine mengi juu yake, na bado asiruhusiwe kushika chaki kwa namba ya serikali, ile ya usajili wa walimu. Niligundua hilo nikiwa nimeshahitimu, nimesimama mbele ya dirisha la ofisi fulani Homa Bay, vyeti vyangu mkononi.

"Hii digrii haina education," mama wa dirishani alisema.

"Ina hesabu. Si nataka kufundisha hesabu?"

"Hesabu unajua. Kufundisha ndio hujui. Next!"

Nilimchukia mama yule kwa muda mrefu, hasa kwa kuwa alikuwa na haki.

Basi ndipo baba mdogo alipoingia kazini. Huyu ni ndugu mdogo wa marehemu baba yangu, mwalimu mkuu mstaafu, anaishi Migori mjini, na tangu baba afariki yeye ndiye anayekaa kwenye kiti kile na kuamua. Aliamua papo hapo. Nirudi chuoni nichukue stashahada ya ualimu, mwaka mmoja, nipate namba, niajiriwe, nijenge nyumba ya maana, nioe. Alisema maneno haya akihesabu kwa vidole, na kidole cha kuoa alikishika kwa muda mrefu kuliko vingine vyote. Nilijua sababu.

Mimi ni kayo, yaani kifunguamimba. Kwetu kayo ndiye mwanzo wa foleni. Anajenga kwanza, anaoa kwanza, hata mvua ikinyesha anapanda mbegu kabla ya wadogo zake. Mdogo hamruki mkubwa. Akimruka anaalika chira, ule ugonjwa wa kukonda ambao daktari anapima na kupima na haoni kitu. Mama yangu hajakosa kanisa Jumapili hata moja ninayoikumbuka, lakini ukitaja chira anatazama mlango. Na nyuma yangu kwenye foleni hiyo kulikuwa na mtu mmoja tu, mdogo wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana yake kando ya barabara ya Rongo. Hakufika chuo. Alikuwa na kazi, alikuwa na pikipiki, alikuwa na msichana wa Kikuria kutoka Ntimaru aliyekuwa akileta mahindi sokoni kwetu. Alichokosa ni kaka aliyeoa.

Nami sikutaka stashahada ya ualimu. Nilikuwa nimejaribu kila kitu kingine kwanza, na nilijaribu kwa hasira, maana mwaka wa mwisho chuoni idara yetu ilituletea wageni wa kutueleza kazi za watu wa hesabu. Mmoja, mwenye tai nyekundu, alisema hesabu inafungua milango yote. Kasoro ni kwamba alisahau kutuambia milango yenyewe iko mtaa gani. Niliuliza habari za hesabu za bima, nikaambiwa ni kazi nzuri sana, ila shahada haitoshi, kuna mitihani ya kitaalamu mingi, mmoja baada ya mwingine, na ada yake inalipwa kwa pesa za kizungu. Benki walitaka mtu wa kuuza mikopo, na walinitazama viatu kabla ya vyeti.

Nilipata kibarua Migori, kwenye mradi mmoja mdogo wa kuzuia malaria, kazi ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Nilidhani hapo ndipo hesabu yangu itakapopumua. Siku moja nilimwonyesha msimamizi kwamba wastani aliokuwa akiupeleka juu ulikokotolewa visivyo, kwa kuwa zahanati ndogo na hospitali kubwa zilikuwa zimepewa uzito sawa. Alinitazama kwa huruma. "Wewe chapa tu, profesa," alisema, na jina hilo la profesa likanishika mpaka mkataba ulipoisha. Vijana wa mjini nao, waliposikia nimesomea hesabu, walinifuata na simu zao niwatabirie mechi za Jumamosi. Niliwaeleza kwamba mchezo ule umepangwa ili mwenye kampuni ashinde. Walisema digrii yangu ni feki.

Mwishowe nilifundisha. Bodi ya shule moja ya kutwa karibu na Rodi iliniajiri kwa muda, bila namba, kwa sababu mwalimu wao wa hesabu alikuwa amehamishwa na hawakuwa na mtu. Wanafunzi hawakuwa na shida. Shida ilikuwa ofisi ya walimu, ambako wale wenye namba walizungumza juu yangu huku nikiwepo, kama watu wanavyozungumza juu ya mbuzi wa jirani. Nilikula chakula changu cha mchana uwanjani.

Huko uwanjani ndiko nilikoanza kusoma tena. Nilikuwa na madaftari yangu ya aljebra ya mwaka wa tatu, na sijui niseme vipi ili nisionekane mjinga, lakini niliyapenda. Nilipenda kwamba unaweza kukaa na jambo wiki nzima, unalizunguka, linakukatalia, halafu asubuhi moja unapiga mswaki na unaona kwa nini haliwezi kuwa vinginevyo. Halihitaji saini ya mtu. Hata baba mdogo akikataa, bado ni kweli. Kwa mtu aliyeishi kwa kuamuliwa kila kitu, hiyo ilikuwa furaha kubwa, na naisema bila haya.

Nikampigia simu mhadhiri aliyenifundisha somo lile. Ni mwanamke mkali, hasalimii mara mbili.

"Nataka kurudi kufanya masters," nilimwambia.

"Ya nini?"

"Ya hesabu."

"Hesabu ni kubwa. Ya nini?"

Alinipangia njia kwa ukali wake. Takwimu: utapata kazi kila mahali, kaunti, hospitali, mashirika, na utachoka nayo mapema. Hesabu tumizi: kuna watu wanaotafuta vijana wa kukokotoa jinsi malaria inavyoenea au samaki wanavyopungua ziwani, na wafadhili wanaipenda. Hesabu tupu: hakuna anayekungoja upande wa pili. "Ukishika hiyo ya tatu," alisema, "ujue umeshika na uzamivu. Masters peke yake ya aljebra ni daraja lililoishia katikati ya mto. Na usiniletee habari za mapenzi. Kila anayenipigia simu anaipenda hesabu. Niletee kurasa ulizofanya."

Nilimpelekea kurasa. Alizirudisha zimejaa wino mwekundu, na chini kabisa ameandika kwamba Septemba atakuwa na nafasi moja ya msaidizi, mtu wa kufundisha mazoezi ya mwaka wa kwanza huku karo yake ikilipwa na idara. Masharti mawili: nisome muda wote, na nisiwe na kazi wala kozi nyingine popote. Nikikosa Septemba, nafasi inakwenda kwa mwingine. Nilimjibu siku hiyo hiyo kwamba naichukua aljebra.

Ningekuwa mtoto wa pili, hadithi ingeishia hapo. Lakini wiki ile ile mdogo wangu aliniita karakanani. Alikuwa anachomelea geti, akavua miwani yake, akaniambia bila kunikaribisha kiti kwamba msichana ana mimba, na baba yake Ntimaru amesema ng'ombe wafike kabla mtoto hajafika, la sivyo wasifike kabisa.

"Omera, ndugu yangu, oa tu," alisema.

"Nioe nani?"

"Wasichana hawajaisha dunia hii. Chukua hiyo diploma ya ualimu, oa, mimi nipite. Ama ulitaka nikungoje mpaka lini?"

"Masters ni miaka miwili, na huko sitakuwa na pesa ya kuoa."

"Na hiyo ingine baadaye? Hiyo ya kuwa daktari hatibu mtu?" Alitema mate kando. "Umekula shule ya hii boma mpaka ikaisha. Mimi niliacha form two ndio wewe uende. Sasa unataka kula hata bibi yangu."

Nilimwambia sikumtuma aache shule. Ni kweli sikumtuma, na ni kweli pia kwamba lilikuwa neno baya la kumwambia. Alirudisha miwani, akawasha mashine, cheche zikaruka kunijia miguuni. Sikuondoka mara moja, kwa ukaidi tu.

Kikao kilifanyika nyumbani Jumamosi. Tulikuwa wanne: baba mdogo kwenye kochi, mama kwenye kigoda karibu na mlango, mdogo wangu na mimi tukitazamana kama watu wa vyama viwili. Baba mdogo alianza kwa historia ya marehemu baba, akapita kwenye umuhimu wa pensheni, akatua kwenye mimi.

"Mwalimu wa hesabu hawezi kukosa kazi nchi hii," alisema. "Hawezi. Wewe unakimbia kazi iliyokaa kwa meza, unaenda kutafuta nini? Hiyo aljebra, nani ataila?"

"Baba, si kila kitu kinawekwa kwenye mstari mmoja," nilisema, na hapo nilifanya kosa la watu wa fani yangu, la kudhani nikieleza vizuri nitaeleweka. Nilimweleza kwamba katika hesabu kuna mipangilio ya aina nyingi. Iko ile ambayo kila kitu kiko mbele au nyuma ya kingine. Lakini iko pia ile ambayo vitu viwili vinaweza kukaa pamoja, hiki hakikitangulii kile wala kile hakikitangulii hiki, na hakuna kinachoharibika. Nilichora hata kwenye meza kwa kidole kilicholowa chai.

Baba mdogo aliutazama mchoro mpaka ukakauka.

"Kwa boma hii," alisema, "hakuna kitu kama hiyo."

Mdogo wangu alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichonipandisha mori, nikasema jambo ambalo nilikuwa nimelala nalo siku kadhaa bila kulitoa.

"Basi anipite. Mimi nimemruhusu."

Mama aliweka mkono mdomoni. Mdogo wangu aliacha kucheka na kunitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Unajua unachosema?" baba mdogo aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Anayepitwa hapitwi siku moja. Utapitwa kwa ndoa, utapitwa kwa shamba, utapitwa kwa kuongea. Siku mama yako akienda, huyu ndiye atasimama mbele ya watu, na wewe usimame nyuma yake na digrii zako."

"Najua."

"Hujui. Lakini umesema."

Sikutaka kumwelewa. Nilikuwa najali Septemba tu. Nilidhani heshima ya kayo ni kitu cha wazee, kwamba nikishakuwa na aljebra yangu sitaihitaji. Mtu akikwambia hana haja na kitu fulani, angalia kama si mtu ambaye kitu hicho hakijawahi kumtoka mkononi.

Walinifanya nilirudie neno lile mbele ya wazee wawili wa ukoo. Mama, kwa kuwa hakutaka kubahatisha, alimwita mchungaji aje atuombee chira isitufuate, na mchungaji akaomba kwa nguvu mpaka kuku wakatoka nje. Alipoondoka tu, mama akaingia jikoni akatuletea manyasi, ile dawa ya majani ya kuondoa makosa, tukainywa mimi na mdogo wangu kutoka kikombe kimoja. Ilikuwa chungu. Mdogo wangu alinywa kwanza. Hata hilo sikulitilia maanani wakati ule.

Ntimaru tulikwenda sote wanne mwezi Agosti, ng'ombe wakiwa wametangulia. Nafasi yangu chuoni ilikuwa imeshathibitishwa, nimelipiwa karo, nimepewa hata ratiba ya madarasa nitakayosimamia. Nilivaa shati jeupe. Nilijiambia naenda kama mtu aliyetimiza wajibu wake na anayeondoka vizuri. Njiani baba mdogo hakunisemesha. Nilifikiri ni kiburi chake tu.

Walitupokea vizuri mno. Walikuwa wametandaza turubai mbele ya nyumba, viti vimepangwa pande mbili, maziwa yako kwenye vibuyu. Sisi tunazungumza Dholuo, wao Kikuria, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, na kila neno lilisemwa polepole ili lisimpite mtu. Baba wa msichana alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, mpole. Aliwakagua ng'ombe, akaridhika, akakaa. Kisha akauliza jambo ambalo mimi, msomi, sikuwa nimelifikiria kabisa.

"Kwetu hapa mtu haruki kaka yake," alisema. "Nyinyi Wajaluo mko na hiyo pia?"

"Hiyo tuko nayo kabisa, mzee," baba mdogo alisema.

"Nimeuliza kwa sababu nikisikia nyumba ambayo mdogo anatangulia, najiuliza huko kwa mkubwa kuna nini. Ni ugonjwa? Ni wazimu? Mtoto wangu anaenda kuishi huko."

"Ni haki yako kuuliza." Baba mdogo hakukohoa hata kidogo. Aliweka mkono kwenye bega la mdogo wangu. "Huyu ndiye wa kwanza. Yule mwenye shati jeupe ndiye mdogo wake. Bado yuko shule."

Nilimtazama mdogo wangu, naye alikuwa anatazama chini, kwenye viatu vyake vipya. Neno moja tu kutoka kwangu lingewaondoa ng'ombe wale uani. Nilikuwa nalo neno lenyewe, na nilikuwa na hasira ya kutosha kulisema. Mzee yule, labda kwa heshima tu, alimgeukia mama yangu.

"Mama, huyu ndiye alikufungua tumbo?"

Mama alinitazama. Alikuwa amevaa kitenge kipya, mikono imelala mapajani, na macho yake yalikuwa yananiomba kitu ambacho hajawahi kuniomba tangu nizaliwe. Kisha akamgeukia mzee.

"Ndiye huyo," alisema.

"Basi vizuri." Mzee alifurahi. Alinigeukia mimi, akanitabasamia kwa wema mtupu. "Na wewe kijana, soma bila haraka. Kaka yako akishajipanga atakutafutia bibi."

Wote walicheka, wa kwao na wa kwetu. Wanawake waliingia na ugali na nyama, mmoja akiwa na jagi la maji ya moto na beseni. Baba mdogo akanyoosha mkono, akamzuia.

"Usijisumbue, mama," alisema. "Mdogo wetu yuko. Yeye atanawisha watu."

Nikasimama. Nikachukua jagi mkono mmoja na beseni mkono wa pili. Nilianza na mzee wa Ntimaru, nikaenda kwa baba mdogo, ambaye alinawa taratibu, kidole kwa kidole, bila kuinua macho. Aliyefuata alikuwa mdogo wangu. Aliinamisha kichwa na kutanguliza mikono, mikono yenye makovu ya cheche, nami nikaimwagia maji.

"Asante, mdogo wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

Wazee walikuwa wanasikiliza. Nikamjibu, "Karibu, kaka."